Anayeuliza Hali Yako Ana Mpango Gani? Kubashiri hatari ya mgonjwa wa figo Marekani, Uingereza na Afrika Mashariki

Unaishi na nani? Unafikaje hapa? Nani analipa? Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine huulizwa maswali haya Seattle, huulizwa Sheffield, huulizwa Dodoma. Hakuna hata moja linalogusa figo. Hata hivyo, muuguzi aliyekaa miaka kadhaa katika kitengo cha figo anajua kwamba majibu ya maswali hayo humdokezea ni nani atayumba kabla mwaka haujaisha. Siku hizi ujuzi huo wa muuguzi umegeuzwa kuwa hesabu. Kipato, makazi, elimu, usafiri na upweke huingizwa kwenye kompyuta, nayo hutoa alama: mgonjwa huyu ana hatari kiasi gani ya kukosa kipindi cha mashine, ya kulazwa, ya kufa.

Wataalamu wa takwimu hubishana kuhusu usahihi wa alama hizo, na wana haki ya kubishana. Mimi naona liko swali linalotangulia. Nikiyaweka mapokeo matatu upande kwa upande, naona jamii tatu zilizouliza maswali yale yale kwa nia tatu tofauti. Marekani ilianza kuuliza ili kuchagua wa kuokolewa. Uingereza iliuliza ili kupanga huduma. Sisi wa Afrika Mashariki tumeuliza zaidi ili kujua nani achangie na nani asamehewe. Thamani ya ubashiri hutegemea wajibu unaomwangukia anayeuliza mara anapopata jibu, na hapo ndipo mapokeo haya yanapotofautiana sana.

Ratiba isiyosamehe

Magonjwa mengi huchochewa na umaskini, lakini ni machache yanayoning'inia kwenye ratiba kama ugonjwa wa figo uliofika hatua ya mwisho. Mpango wa kawaida ni vipindi vitatu kwa wiki, takriban saa nne kila kimoja. Kwa mwaka ni vipindi 156. Kati ya kipindi na kipindi, maji na potasiamu hujikusanya mwilini. Maji yakizidi hujaa mapafuni. Potasiamu ikizidi huvuruga mapigo ya moyo na huweza kuusimamisha.

Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2011, wa wagonjwa zaidi ya 32,000, uliangalia pengo la siku mbili ambalo ratiba ya vipindi vitatu humwachia kila mgonjwa mwishoni mwa wiki. Katika siku inayofuata pengo hilo, vifo vilikuwa kwa kiwango cha 22.1 kwa kila wagonjwa 100 kwa mwaka. Siku nyingine kiwango kilikuwa 18.0. Hao walikuwa watu wanaofuata ratiba yao. Pengo lililowekwa na kalenda peke yake lilitosha kuongeza vifo. Sasa mwongezee mgonjwa pengo la nauli, la mafuriko, la msimamizi wa kazi aliyekataa kutoa ruhusa, la mtoto asiye na wa kumwangalia.

Mambo mengine hupita njia ile ile. Mgonjwa huambiwa apunguze ndizi, viazi, nyanya na maharage kwa sababu ya potasiamu, lakini katika nyumba nyingi hivyo ndivyo vyakula vinavyopatikana, na mbadala wake una bei. Mwenye mpira wa shingoni wa kuunganishiwa mashine anahitaji maji safi na mahali pakavu pa kulala, la sivyo wadudu huingia moja kwa moja kwenye damu. Anayeishi peke yake hana wa kumwambia asubuhi kwamba uso umevimba. Kwa hiyo hali ya maisha ina njia fupi sana ya kufika kwenye moyo wa mgonjwa huyu, na ndiyo maana kitengo cha figo ni mahali pazuri pa kupima kama ubashiri wa kijamii una kazi.

Tofauti kati ya nchi na nchi huonyesha jambo hilo kwa namba. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2003 ulihesabu wagonjwa wanaoruka angalau kipindi kimoja kwa mwezi: Marekani asilimia 7.9, Ulaya asilimia 0.6, Japani asilimia 0.6. Kuruka vipindi kulihusishwa na ongezeko la asilimia 30 la hatari ya kufa. Mashine zinafanana na dawa zinafanana. Tofauti ya mara kumi na tatu haiwezi kutoka kwenye figo. Lazima itafutwe kati ya mlango wa nyumba ya mgonjwa na mlango wa kituo.

Seattle: kuuliza ili kuchagua

Mwaka 1960 Dakta Belding Scribner wa Chuo Kikuu cha Washington alibuni mrija wa Tefloni uliowezesha mgonjwa kuunganishwa na mashine tena na tena bila kuharibiwa mishipa kila mara. Kabla ya hapo mashine ilimvusha mtu katika dharura tu; baada ya hapo aliweza kuishi nayo miaka. Mwaka 1962 kituo cha kwanza cha wagonjwa wa nje kilifunguliwa Seattle, na nafasi zilikuwa chache mno. Ikaundwa kamati ya watu saba wasiotajwa majina, wengi wao wasio madaktari, ili iamue nani apewe nafasi.

Mwandishi Shana Alexander aliifichua kamati hiyo katika jarida la Life mwezi Novemba 1962. Wanakamati walizingatia umri na jinsia, ndoa na idadi ya wategemezi, kipato na mali, elimu, kazi, uthabiti wa moyo, mafanikio ya nyuma na matumaini ya mbele. Katika mazungumzo yao hata uhudhuriaji wa kanisa uliingia.

Isome orodha hiyo leo uone ilivyo karibu na orodha ya vigezo vinavyoingizwa kwenye programu za ubashiri: umri, ndoa, wategemezi, kipato, elimu, kazi. Kilichogeuka ni mwelekeo wa alama. Kwa kamati ya Seattle, mtu asiye na kazi wala familia alipoteza alama za kupata mashine. Kwa programu ya leo, mtu huyo huyo anatakiwa aongezewe alama za kupata msaada. Vigezo havina maadili ndani yake. Anayevishika akigeuza nia, orodha ile ile inarudi kuwa kamati ya watu saba, safari hii bila hata mwandishi wa habari wa kuikuta mezani.

Kamati za namna hiyo zilipoteza kazi pale Rais Nixon aliposaini sheria ya Oktoba 1972 iliyoifanya bima ya umma ya Medicare iwalipie karibu Wamarekani wote wenye figo zilizoshindwa, bila kujali umri, kuanzia Julai 1973. Kwa walio wengi, uwezo wa kulipa ukaacha kuwa hukumu ya kifo. Lakini mstari haukufutika, ulisogea. Wahamiaji wasio na hati walibaki nje, na katika majimbo kadhaa waliruhusiwa kuunganishwa na mashine wakati wa dharura tu, yaani baada ya potasiamu kupanda au mapafu kujaa. Mwaka 2018 Dakta Lilia Cervantes na wenzake walilinganisha wagonjwa wa namna hiyo wa Denver na Houston na wenzao wa San Francisco waliokuwa wakisafishwa damu kwa ratiba ya kawaida. Katika miaka mitano, hatari ya kufa kwa wale wa dharura ilikuwa mara 14.

Mwaka 2019 jimbo la Colorado, liliko jiji la Denver, lilibadilisha tafsiri yake ya dharura, na wagonjwa hao wakaanza kupata ratiba ya kawaida. Somo lake ni zito kwa kila anayetengeneza programu ya ubashiri. Kigezo kilichoongeza hatari mara kumi na nne hakikuhitaji akili bandia kukigundua, na kiliondolewa kwa uamuzi wa ofisi. Baadhi ya hatari tunazozibashiri kwa hesabu ngumu zimewekwa kwa kalamu, na hufutwa kwa kalamu.

Mtu au mtaa?

Uingereza ilifika kwenye suala hili kupitia mlango mwingine. Huko huduma ya afya ya taifa, NHS, ililipa tangu mwanzo, kwa hiyo swali halikuwa nani ana pesa. Swali lilikuwa kwa nini, pamoja na huduma ya bure, maskini waliendelea kufa mapema. Mwaka 1971 Julian Tudor Hart, daktari wa kijiji cha wachimba makaa ya mawe huko Wales, aliandika katika jarida la Lancet kwamba huduma bora huelekea kupatikana kwa uchache pale inapohitajika kwa wingi. Mwaka 1980 Ripoti ya Black ikathibitisha pengo la vifo kati ya matabaka; serikali ya wakati huo ilitoa nakala 260 tu, tena karibu na sikukuu ya Agosti, na kwa kufanya hivyo ikaipa sifa kuliko kama ingeitangaza kwa ngoma.

Kutokana na mapokeo hayo zilizaliwa fahirisi za umaskini wa eneo. Ile ya Peter Townsend ya mwaka 1988 ilitumia mambo manne ya sensa: ukosefu wa ajira, kutokuwa na gari, kutomiliki nyumba na msongamano wa watu chumbani. Marekani nayo ina fahirisi yake, inayotunzwa na Chuo Kikuu cha Wisconsin, inayokusanya vipimo 17 vya kipato, elimu, ajira na makazi na kuupanga kila mtaa kwa daraja la 1 hadi 100. Mgonjwa akitaja anwani, kompyuta inajua daraja lake kabla hajakaa kitini.

Faida ya njia hii ni kubwa: hakuna anayedhalilishwa kwa kuulizwa kama jana alikula. Udhaifu wake nao ni mkubwa. Mtaa si mtu. Mjane asiye na chochote anaweza kuishi katika mtaa wa matajiri kwenye nyumba aliyoachiwa, na alama ya eneo haimwoni. Gari nalo huisumbua fahirisi ya Townsend: mjini kukosa gari kunaweza kuwa dalili ya umaskini, lakini shambani maskini hulazimika kuwa na gari kwa sababu hakuna basi. Fahirisi ya Marekani imekosolewa kwa kuruhusu bei za nyumba kuvuta mizani, kiasi kwamba mitaa ya watu wa hali ya chini ya Bronx, New York, huonekana ina nafuu kwa kuwa nyumba za jiji hilo ni ghali.

Ndiyo maana katika miaka ya karibuni Marekani imerudi kumuuliza mtu mwenyewe. Fomu fupi iliyotolewa na serikali mwaka 2017 inahoji mambo matano: makazi, chakula, usafiri, bili za umeme na maji, na usalama nyumbani. Majibu huweza kuandikwa kwenye faili kwa misimbo ya kimataifa ya magonjwa, kuanzia Z55 hadi Z65, ili ukosefu wa makazi usomeke kando ya shinikizo la damu. Kwamba maswali ya aina hii hubeba uzito, kimbunga Katrina kilionyesha. Baada ya kimbunga hicho kupiga New Orleans mwezi Agosti 2005, watafiti waliwahoji wagonjwa wa jiji hilo waliokuwa wakisafishwa damu. Asilimia 44 walikuwa wamekosa angalau kipindi kimoja. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na kukosa vipindi ni kuishi peke yako kabla ya kimbunga na kutoujua mpango wa dharura wa kituo chako. La kwanza ni hali ya mgonjwa. La pili ni uzembe wa kituo. Uchunguzi mzuri huyataja yote mawili. Programu nyingi hulirekodi la kwanza peke yake.

Unabashiri nini: gharama au uhai?

Kigezo kizuri huweza kuharibiwa na swali baya. Mwaka 2019 Ziad Obermeyer na wenzake walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wa programu iliyotumika hospitali nyingi za Marekani kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Programu ilikuwa ikibashiri gharama za matibabu, ikichukulia kwamba mwenye gharama kubwa ndiye mgonjwa zaidi. Lakini matibabu ya Wamarekani weusi yalikuwa yakitumia pesa kidogo kwa ugonjwa ule ule, kwa sababu huduma haikuwafikia sawasawa. Kompyuta ikawaona wana afya njema. Watafiti walipokadiria upya, sehemu ya wagonjwa weusi miongoni mwa waliostahili msaada ilipanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5.

Katika tiba ya figo yenyewe jambo linalofanana lilidumu zaidi ya miaka ishirini. Fomula za kukadiria uwezo wa figo zilikuwa na kizidisho cha rangi: namba ya mgonjwa mweusi ilipandishwa, figo zikaonekana zina nguvu kuliko zilivyo, na njia ya kuingia kwenye orodha ya upandikizaji ikarefuka. Mwaka 2021 vyama vya wataalamu wa figo vya Marekani vilipendekeza kizidisho hicho kiondolewe, na kuanzia Januari 2023 hospitali za upandikizaji zilitakiwa kupitia upya muda wa kusubiri wa wagonjwa walioathirika. Rangi, ambayo katika jamii hiyo ni alama ya jinsi mtu anavyotendewa, ilikuwa imesomwa kama sifa ya misuli na damu yake.

Funzo kwa mtengeneza programu wa Nairobi au Dar es Salaam ni la moja kwa moja. Ukiifundisha kompyuta kwa kumbukumbu za malipo ya bima, itajifunza tabia za waliofika na kulipiwa. Mgonjwa wa Sumbawanga au Turkana aliyefia nyumbani bila kuwahi kufika kwenye mashine hayumo kwenye kumbukumbu, na kwa macho ya kompyuta hakuwahi kuwa hatarini.

Nani anabeba jibu?

Hapa ndipo mapokeo ya Uingereza yanapowazidi wengine, ingawa historia yake si safi. Katika miaka ya 1970 na 1980 Waingereza waliokuwa wakipewa mashine walikuwa wachache kwa kulinganisha na majirani zao wa Ulaya, na wazee wengi hawakupelekwa kwa wataalamu kabisa. Uteuzi ulifanywa kimyakimya kwenye chumba cha daktari wa mtaa, bila kamati ya kulaumiwa. Hata leo wanaotoka maeneo maskini huugua figo zaidi lakini hupata njia nyembamba zaidi ya kufikia upandikizaji.

Hata hivyo, walipokubali kwamba usafiri ni sehemu ya tiba, waliufanya wajibu. Mapitio ya huduma ya usafiri wa wagonjwa yaliyotolewa na NHS England mwaka 2021 yaliweka msimamo kwamba kila anayekwenda kituoni kusafishwa damu asaidiwe safari yake, kwa gari linaloletwa au kwa kurudishiwa gharama. Msimamo huo hauhitaji kubashiri nani atakosa nauli. Unaondoa nauli kwenye orodha ya hatari kwa wote. Kuna aina ya hatari ambayo ni nafuu kuifuta kuliko kuipima.

Marekani kwa upande wake ina kanuni ambayo sisi tunaweza kuionea wivu: kwa kanuni za mwaka 2008, kila kituo kinacholipwa na Medicare lazima kiwe na mtaalamu wa ustawi wa jamii mwenye shahada ya uzamili katika timu moja na daktari, muuguzi na mtaalamu wa lishe. Ubashiri una mahali pa kutua. Lakini mtaalamu huyo anaweza kugundua kwamba mgonjwa ametolewa kwenye nyumba ya kupanga, akaandika msimbo wa Z59, na kubaki na simu mkononi bila nyumba ya kumpa. Marekani ina ufundi mwingi wa kujua na uwezo mdogo wa kutenda. Uingereza ina ufundi wa kawaida na wajibu ulioandikwa.

Afrika Mashariki: ukoo, mchango na fomu

Sisi tuna mapokeo mawili yanayokaa pamoja bila kuzungumza. La kwanza ni la ukoo. Mwanaanthropolojia John Janzen, katika kitabu chake cha mwaka 1978 kuhusu Wakongo wa Zaire ya Chini, alionyesha kwamba uamuzi wa tiba haukuwa wa mgonjwa na daktari peke yao. Kundi la ndugu lilikaa, likajadili chanzo, likachagua mganga au hospitali, likagawana gharama. Hao si Waswahili, lakini yeyote aliyewahi kuitwa kwenye kikao cha familia Tanga, Kisumu au Bujumbura atakitambua kikao hicho. Kikao ni chombo cha ubashiri. Wazee hujua nani ana mke wa kumpikia chakula kisicho na chumvi, nani ana mtoto mjini wa kumlaza, nani ana kiburi cha kukataa msaada. Hakuna fomu iwezayo kuyapata hayo yote.

Chombo cha kikao ni mchango, na mchango una mpaka ambao haujadiliwi vya kutosha. Mchango umeumbwa kwa tukio: arusi, msiba, operesheni, karo ya muhula. Una mweka hazina, una tarehe ya mwisho, na una siku ya kushukuru. Kusafishwa damu hakuna siku ya mwisho. Kundi la WhatsApp linalofunguliwa kwa shangwe mwezi wa kwanza huanza kunyamaza miezi ikisonga. Wengine hujitoa, wengine huweka ujumbe wa dua badala ya pesa. Ndugu hawajawa wabaya. Wamepewa mzigo wa kila wiki kwa chombo cha mara moja. Kwa hiyo hatari kubwa ya kubashiri kwetu, ambayo haimo kwenye fahirisi ya Townsend wala ya Wisconsin, ni siku ambayo mchango utakauka.

Pokeo la pili ni fomu ya serikali. Tangu gharama za kuchangia huduma ziingizwe hospitalini Tanzania mwaka 1993, afisa ustawi wa jamii amekuwa akihoji nani hajiwezi ili asamehewe. Mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini hupima umaskini wa kaya kwa ushahidi wa jamii na kwa vitu vinavyoonekana. Kenya ilipoingia kwenye Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, mwezi Oktoba 2024, walioajiriwa walikatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Wasio na mshahara rasmi walihojiwa kuhusu nyumba, choo, nishati ya kupikia na mifugo ili kipato chao kikadiriwe, na kima cha chini kikawa shilingi 300 kwa mwezi.

Maswali hayo ni ya hali za kijamii, yale yale yanayoingizwa Marekani kwenye programu za ubashiri. Sisi tumeyaelekeza kwenye mfuko. Ng'ombe anahesabiwa kama uwezo wa kulipa, ilhali mgonjwa hawezi kumkata ng'ombe kipande kila Jumanne akapata nauli. Serikali inajua paa la mgonjwa ni la nyasi au bati, lakini kitengo cha figo kinachomngoja hakijui. Taarifa imekusanywa, imekaa kwenye ofisi ambayo kazi yake ni kukusanya michango.

Juu ya hayo kuna hatari iliyowekwa na mfumo wenyewe. Kuanzia mwaka 2015 serikali ya Kenya ilisambaza mashine za figo katika hospitali za kaunti, na umbali ukapungua kwa wengi; hiyo ni kazi ya kusifiwa. Lakini bima ya NHIF iliyotangulia SHA, hadi ilipoondoka, ililipia vipindi viwili kwa wiki, shilingi 9,500 kila kimoja. Kwa vipindi viwili, mgonjwa mwaminifu asiyekosa hata mara moja hukaa bila mashine siku mbili upande mmoja wa wiki na siku tatu upande wa pili. Tukikumbuka kile ambacho pengo la siku mbili tu lilifanya katika utafiti wa 2011, ni dhahiri kwamba kumpa mgonjwa huyo alama ya hatari kwa sababu ya elimu au ndoa yake, bila kuutaja mpango wa bima, ni kumtwisha lawama isiyo yake.

Tuchukue nini, tuache nini

Ulinganisho huu unanipa uamuzi wa namna tatu.

Kwanza, tusianze na programu. Tuanze na kufuta hatari ambazo hazihitaji kubashiriwa. Nauli ya kwenda kwenye mashine na idadi ya vipindi vinavyolipiwa ni maamuzi ya sera. Tanzania ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 na Kenya ina SHA. Mahali pa kuandika kwamba safari ni sehemu ya kipindi ni kwenye vitita vya bima hizo. Hili ndilo la kuchukua Uingereza.

Pili, kwa hatari zinazobaki, mtu aulizwe mwenyewe, kwa ufupi, na aulizwe tena. Hali ya mgonjwa wa kudumu hubadilika: mwezi wa kwanza alikuwa na kundi la kumchangia, mwezi wa nane hana. Maswali machache yaliyopangwa kwa maisha yetu yangetosha: nani anakuleta, unalala wapi siku ya kipindi, nani anakupikia, pesa za mwezi ujao ziko wapi, na umewahi kufikiria kuacha. Muuguzi akiona mgonjwa ameanza kuchelewa au kuomba kupunguziwa kipindi, hiyo ni dalili kama potasiamu iliyopanda. Kutoka Marekani tuchukue hapo nidhamu ya kumweka afisa ustawi wa jamii ndani ya timu ya figo, asiwe mtu wa kuitwa pale bili inapogoma.

Tatu, ujenzi wa ukuta. Taarifa aliyotoa mgonjwa ili asaidiwe isivuke kwenda kwa anayepanga mchango wake wa bima, wala kwa anayegawa nafasi za mashine au za upandikizaji. Kamati ya Seattle ni onyo la kudumu: panapokuwa na foleni, jibu la "naishi peke yangu" linaweza kugeuka kutoka sababu ya kusaidiwa kuwa sababu ya kurukwa. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zote mbili zinatoa msingi wa kudai kwamba taarifa itumike kwa lengo lililotajwa pekee.

Wapo watakaosema kwamba nchi maskini haina anasa ya kungoja. Kwamba nafasi zikiwa chache lazima hesabu fulani itumike, na bora iwe hesabu ya wazi kuliko upendeleo wa mlangoni. Hoja hiyo ina uzito. Upendeleo wa mlangoni upo, na mwenye mjomba hospitalini hupata kiti kabla ya asiye na mjomba. Lakini kugawa nafasi chache ni kazi moja, na kubashiri nani anahitaji mkono wa ziada ni kazi nyingine. Ya kwanza ijadiliwe hadharani, kwa vigezo vya kitabibu na utaratibu wa foleni unaoonekana. Ya pili ifanywe na watu waliopewa fungu la kutendea. Zikichanganywa, mgonjwa atajifunza haraka kusema uongo: atasema ana mke, ana kazi, ana shamba. Na ubashiri uliojengwa juu ya uongo wa waoga haufai hata kwa hesabu.

Kwa wakurugenzi wa hospitali, maofisa wa bima na vijana wa teknolojia wanaoandaa programu hizi, ombi ni moja: kabla hamjaongeza swali kwenye fomu ya mgonjwa wa figo, andikeni pembeni yake ni nani atakayelijibu kwa vitendo, na kwa fungu lipi la bajeti. Swali lisilo na jina na fungu pembeni yake liondolewe.